Ukiandikiwa upasuaji wa kamera tumboni, uliza haya kabla ya kusaini

Usiku wa kwanza baada ya kupasuliwa niliamka nikiamini moyo wangu unasimama. Bega la kulia liliniuma hadi shingoni, kana kwamba nimelibebesha robota la mitumba. Dada yangu alikuwa amelala kwenye mkeka kando ya kitanda. Nilimwamsha, tukalia wote wawili hadi muuguzi alipokuja kutuambia kwamba ni hewa tu. Kumbe huwapata wengi, na hakuna aliyetudokeza mapema.

Mimi ni mfanyabiashara wa Busia, upande wa Uganda. Miaka mitatu tumbo la chini lilinikata kila mwezi, na altrasaundi zikasema hamna kitu. Mwishowe daktari wa Kampala akasema afadhali achungulie ndani. Kipimo chenyewe ni laparoskopia. Unalazwa kwa nusu kaputi, unatobolewa tundu la kama sentimita 1 kitovuni, unajazwa hewa ya kabonidayoksaidi ili tumbo liinuke na viungo viachane, kisha kamera nyembamba inaingizwa. Tundu moja au mawili madogo zaidi huongezwa ya vyombo. Kutazama tu huchukua kama nusu saa hadi saa moja. Na si ya wanawake peke yao: hutumika pia kutafuta kifua kikuu cha tumbo, kutazama ini, au kuona saratani imefika wapi.

Kabla ya kusaini fomu, keti na daktari umuulize: anatafuta nini hasa? Akikipata, atakitibu palepale au nitarudi siku nyingine? Hili la pili ndilo kubwa, maana linagusa mwili wako na mfuko wako. Uliza pia kama bei uliyotajiwa ina malipo ya kaputi na ya maabara, kwa sababu kipande cha nyama kikikatwa hupelekwa kupimwa, na mara nyingi hulipiwa kando. Mwambie akueleze hatari bila kukuficha: kutoka damu, maambukizi, utumbo au kibofu kuguswa. Hayo hutokea mara chache, lakini yakitokea, au kamera isipoona vizuri, huenda akalazimika kufungua tumbo kwa mkato mrefu. Ni lazima ulijue hilo kabla hujalala. Jua vilevile kwamba kamera inaweza isione chochote. Hiyo haina maana kwamba maumivu yako ni ya kubuni.

Sema dawa zote unazotumia, za kisukari, za kulainisha damu, na za miti shamba pia. Wengi tunanyamaza kuhusu mululuza, yale majani machungu tunayokunywa nyumbani, tukiogopa kugombezwa. Mimi nilisema, na hakuna aliyenigombeza. Kama huenda una mimba, sema pia.

Kuhusu kula, kanuni ya kawaida ni kuacha chakula kwa muda wa saa 6 kabla ya kaputi, na maji matupu kwa muda wa saa 2 kabla, lakini fuata saa utakazopewa hospitalini kwako. Chai ya maziwa huhesabiwa kuwa chakula! Jirani yangu wa wodini alikunywa kikombe kimoja alfajiri, akarudishwa kitandani hadi kesho yake. Wanachoogopa ni kutapika ukiwa umelala, matapishi yakaingia mapafuni. Toa rangi ya kucha, hereni, na meno ya bandia kama unayo.

Ukizinduka utasikia baridi, koo litakwaruza kwa sababu ya mrija wa kupumulia, na tumbo litakuwa limevimba kidogo. Bega linauma kwa sababu hewa iliyobaki inasumbua kiwambo kilicho chini ya mapafu, na neva yake inatokea shingoni. Huisha ndani ya siku chache. Inuka utembee polepole na umeze dawa za maumivu ulizopewa.

Mimi daktari alinieleza alichokiona nikiwa bado na kaputi kichwani. Niliitikia kila neno na sikukumbuka hata moja. Kwa hiyo mwambie mwangalizi wako awepo na aandike, kisha omba uelezwe tena kesho yake. Huyo mwangalizi asikuache kwa saa 24 za mwanzo.

Kama kwenu ni mbali, lala siku chache kwa ndugu wa mjini. Mimi niliharakisha kurudi, na kila tuta la barabarani kutoka Jinja hadi Bugiri nililihisi kitovuni. Bodaboda iache kabisa mpaka uweze kukohoa bila kujikunja.

Maumivu ya kawaida hupungua kila siku. Yakizidi badala ya kupungua, au ukipata homa, kutapika kusikokoma, tumbo kuwa gumu, kushindwa kukojoa, usaha kwenye tundu au mguu mmoja kuvimba, rudi hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku. Utumbo uliotoboka unaweza kujitokeza siku kadhaa baadaye, na hausubiri asubuhi.

Uliza pia majibu ya maabara yatatoka lini, na utayachukua dirisha gani. Yangu niliyafuata mwenyewe, nimekaa kiti cha mbele cha teksi, mto mdogo kati ya tumbo na mkanda. Yalisema endometriosisi, yaani utando kama ule wa ndani ya mji wa mimba kuota nje yake. Baada ya miaka mitatu, maumivu yangu yalikuwa na jina.