Maziwa ya Mama Yaliyokamuliwa: Kuyatunza na Kuyapasha Kwenye Joto la Dar

Likizo ya uzazi Tanzania ni siku 84, au 100 ukijifungua mapacha. Ikiisha, mtoto ana kama miezi mitatu tu, na hadi afikishe sita hatakiwi kupewa kitu kingine, si uji wala maji. Ndipo mama anapoanza kukamua. Dar es Salaam, kukamua kwenyewe si kazi ngumu kama kuyalinda maziwa na joto.

Utasikia kwamba maziwa yaliyokamuliwa hukaa nje kwa muda wa saa 4. Ni kweli, ila kwa chumba chenye nyuzijoto 25 au pungufu. Jiko la Mbagala mchana wa mwezi wa pili linapita 30. Kwa hiyo usiyahesabie saa: yakishakamuliwa yaingie kwenye baridi papo hapo, na kama baridi haipo, mtoto ayanywe mapema.

Tumia chupa za kioo au plastiki ngumu ya kuwekea chakula, zenye mdomo mpana na mfuniko unaokaza. Mdomo mpana unasaidia brashi kufika kwenye kona za chini, ambako mafuta ya maziwa hung'ang'ania. Chupa za maji ya dukani hazifai. Osha kwa sabuni na maji ya moto, kisha zichemshe dakika 5 zikiwa zimezama kabisa. Ziache zikauke zenyewe. Usizifute kwa kanga, hata kama imetoka kufuliwa.

Weka kidogo kidogo, mililita 60 hadi 120 kwa chupa, kwa sababu kinachobaki baada ya mtoto kunywa hakirudishwi kwenye friji. Kwa makadirio ya kuanzia, hesabu mililita 30 kwa kila saa utakayokuwa mbali. Ukitoka saa kumi na mbili asubuhi na foleni ikakurudisha saa kumi na mbili jioni, hizo ni 360 hivi. Chupa ya kugandisha usiijaze hadi juu, maana maziwa yakiganda huvimba na kioo hupasuka. Bandika plasta, andika tarehe na saa.

Kwenye friji ya nyuzijoto 4 maziwa hukaa hadi siku 4. Kwenye friza ya 18 chini ya sifuri, yatumie ndani ya miezi 6. Yaweke ndani kabisa, usiyaweke mlangoni: friji inayofunguliwa kila saa kwa ajili ya maji ya kunywa, mlango wake hauna baridi ya kutegemewa. Maziwa mapya yapoe kwanza kwenye friji ndipo uyachanganye na yaliyopoa.

Kazini, kama hakuna friji, beba mfuko wa kutunza baridi wenye chupa za maji zilizoganda zinazogusana na chupa za maziwa. Barafu ikiwa bado ipo, maziwa hukaa humo hadi saa 24. Sheria ya kazi inampa mama hadi saa 2 za kunyonyesha kila siku. Ukishindwa kurudi nyumbani, zungumza na mwajiri uzitumie kukamua.

Umeme ukikatika, usifungue friza kuchungulia. Iliyojaa na kufungwa hushikilia baridi hadi saa 48, iliyojaa nusu kama 24. Ukikuta maziwa bado yana chembe za barafu, unaweza kuyagandisha tena. Yakishayeyuka yote, hayagandishwi tena: yaweke kwenye friji na yatumike ndani ya saa 24.

Kuyeyusha, hamishia chupa ya tarehe ya zamani zaidi kutoka friza hadi friji usiku. Kupasha, changanya maji ya chupa ya chai na ya baridi kwenye bakuli mpaka mkono wako uvumilie bila shida, kisha simamisha chupa humo, maji yasifike kwenye mfuniko. Baada ya dakika chache izungushe taratibu ili mafuta yaliyopanda juu yachanganyike. Dondosha matone ndani ya kifundo cha mkono: yasikike vuguvugu tu. Usiweke kwenye sufuria motoni wala maikrowevu, ambayo huacha sehemu moja ikiwa ya moto sana huku chupa kwa nje imepoa, na mtoto akaungua mdomo. Yakishapashwa, muda wake ni saa 2. Mtoto akishaanza kunywa, kinachobaki saa 2 baada ya kumaliza kinamwagwa. Inauma, ndiyo maana tumesema chupa ndogo.

Mwelekeze dada wa kazi kutumia kikombe kidogo, ambacho ni rahisi kusafisha kuliko chuchu ya chupa. Mtoto akae wima, ukingo wa kikombe uguse mdomo wa chini, na ayavute mwenyewe kwa ulimi. Akimiminiwa, atapaliwa.

Rangi ya buluu au njano isikutishe. Harufu ya sabuni pia: husababishwa na kimeng'enya kinachovunja mafuta, na maziwa ni salama ingawa watoto wengine huyakataa. Harufu ya kuchacha ni jambo jingine, hayo mwaga. Mtoto njiti au mgonjwa ana masharti makali zaidi, fuata ya wodi yake.