Darasa la baskeli za ndani na biti kali: tunazipangaje zile dakika 45

Darasa langu la kwanza la baskeli hizi za mazoezi, zile unazokanyaga zimekaa palepale, liliharibiwa na nyimbo tamu. Nilikaa usiku nachagua singeli tupu, kumi na mbili mfululizo, nikajiambia kesho watu wataruka, basi wimbo wa tatu haujafika hata kati mama mmoja kashuka kwenye baskeli anahema akaniambia mwanangu, haya mazoezi ama tunakimbizwa na mbwa? Wenzake wakacheka wakashuka na wao. Toka siku ile napanga kinyume, naanza na miguu kisha ndo natafuta nyimbo, na hivyo ndo nakwambieni nyinyi mnaotaka kuanzisha darasa, huku kwetu Zanzibar, iwe Mjini, iwe Fumba ama Chake.

Miguu kwanza. Hesabu mguu wa kulia tu, kila ukifika chini ni mzunguko mmoja, hesabu kwa sekunde 15 zidisha mara 4 ushapata mizunguko kwa dakika. Barabara tambarare tunakaa 80 hadi 110, kilima 60 hadi 80. Chini ya 60 na huku umekaza sana magoti yatalia, juu ya 110 mtu anaanza kurukaruka kwenye siti kwa sababu lile gurudumu zito la mbele ndo linamzungusha yeye, si yeye analizungusha, anajiona mkali kumbe hafanyi kazi yoyote. Hiyo ndo mipaka, muziki wako wote uingie humo.

Sasa nyimbo. Kila wimbo una mapigo yake kwa dakika, ziko apu za simu unagonga kidole kwenye kioo kufuata ngoma inakupa namba yake. Ukishaipata, mguu wa kulia unaweza kushuka kila pigo, ama kila pigo la pili (kulia kushoto, kulia kushoto, ndo watu wengi wanavyosikia wenyewe), ama kila pigo la nne. Bongo fleva ya mapigo 92, mguu wa kulia kila pigo, hiyo 92 tambarare safi. Muziki wa hausi wa 126 gawa kwa mbili unapata 63, hicho kilima. Amapiano ndo inawatega wengi, maana nyingi ziko 112 hivi, ukigawa kwa mbili unapata 56, iko chini ya mstari, na ukisema mguu ushuke kila pigo ni 112, utazimisha mtu. Dawa yake ongeza spidi ya wimbo asilimia 8 kwenye apu ya dijei, 112 inakuwa kama 121, gawa kwa mbili unapata 60 na chembe, na wallahi hakuna anayestuka kama wimbo umeguswa.

Singeli sijaiacha, naipenda mno, ila ina adabu zake. Imetoka uswahilini kwa wenzetu Dar na mwendo wake ni wa kichaa, mapigo 200 mpaka karibu 300. Ya 200 gawa kwa mbili unapata 100, hizo mbio halisi, ya 220 ndo mwisho wa kukimbiza mtu. Ikizidi hapo usigawe kwa mbili, na ikifika 240 kwenda juu gawa kwa nne: singeli ya 260 inakuwa 65, waambie wakaze, wasimame, wapande kilima, juu biti inamwagika kama mvua kwenye bati na chini miguu inakwenda mizito taratibu. Mara ya kwanza watakuangalia kama umechanganyikiwa, mara ya pili watakuomba.

Kidumbaki nacho, ile ngoma yetu ya maharusini, watu wanakiulizia, lakini wapigaji ni binaadamu, wakipata moto wanaongeza mwendo, kwa hiyo usijisumbue kukipimia namba, kitie pale unapowaachia watu waendeshe wanavyotaka. Taarabu ya rusha roho vilevile, nzuri kwenye kupumzika, ila sikiliza maneno kabla. Mimi nilipiga mipasho bila kujua safu ya mbele na safu ya pili wako wawili hawasalimiani, basi kiitikio kilipofika mmoja kasimama kwenye pedali kageuka nyuma kanyoosha kidole. Hakuna aliyeendesha tena siku ile.

Mpango wenyewe wa dakika 45 ninaoutumia mimi ni huu. Dakika 7 za kupasha mwili, nyimbo mbili, mizunguko 80 hadi 90, nobu ya kukazia iwe nyepesi lakini isiwe tupu, na hapo ndo unazungumza na watu, unamuuliza Bi fulani goti lake linaendeleaje. Kisha dakika 8 tambarare, 90 na kitu, watu waanze kutoka jasho. Kisha kilima dakika 9, hausi na ile amapiano uliyoivuta, na kila wimbo ukiingia nobu inakazwa kidogo. Mimi hapa nawaambia tuko Pemba, maana Unguja tambarare hatuna cha kupanda, lakini aliyewahi kutoka Mkoani kwenda Chake kwa baskeli anavijua vile vilima, unashuka kidogo ukishafurahi unapandishwa tena, basi na wewe panga hivyohivyo, panda dakika mbili, legeza nusu dakika, panda. Kisha dakika 4 za kuvuta pumzi na kunywa maji. Kisha dakika 10 za singeli, sekunde 30 mbio sekunde 30 legeza, zikifika nne mapumziko ya dakika moja, halafu nne nyengine, inayobaki kila mtu aendeshe anavyoweza. Dakika 7 za mwisho taarabu ya taratibu, miguu inapungua kidogokidogo, na mbili tatu zake washuke wanyooshe mapaja na mgongo. Usizile dakika hizi kwa sababu umechelewa kuanza, mtu akishuka ghafla damu bado iko miguuni anaweza kuanguka kizunguzungu.

Na uandike. Chukua karatasi, kila wimbo andika kiitikio kinaanza dakika ngapi, wapi ngoma inakatika, wapi inarudi. Kusimama kwenye pedali kuje na kiitikio, kukaza nobu kuje pale ngoma inapokatika, ikirudi tu watu washakuwa tayari. Ukiwa huna karatasi utajikuta unapiga kelele "simameni" kati ya ubeti, hakuna kinachoudhi kama hicho. Na mtu asisimame nobu ikiwa tupu, mguu unakimbia wenyewe goti linapata tabu.

Kuhusu kukaza, usiwape namba za nobu maana kila baskeli na ukali wake, moja imetiwa mafuta jana nyengine haijaguswa tangu mwaka juzi. Waambie kwa pumzi: hapa uweze kuzungumza sentensi nzima, hapa maneno mawili matatu, hapa usiweze hata kunitukana. Wanaelewa mara moja.

Kabla ya nyimbo zote hizo fika mapema dakika 15, hasa kwa wageni. Siti iwe urefu wa nyonga ukisimama pembeni ya baskeli, ukikaa mguu ukiwa chini kabisa goti libaki limekunjika kidogo, lisinyooke kama fimbo. Wageni muwafundishe kusimamisha baskeli, maana nyingi za aina hii pedali hazisimami ukiacha kusukuma, gurudumu linaendelea kuvuta miguu, lazima ubonyeze ile nobu chini ndo breki. Muulize mtu pembeni, si mbele za watu, kama ana presha, sukari ama mjamzito. Na nguo: dera, buibui na mtandio mrefu vinaingia kwenye pedali, kamba za raba pia. Kwenye darasa la kinamama mimi naweka pini pembeni na nasema wazi, shoga yangu kunja, ama vaa suruali pana ya kubana chini na kanzu fupi juu, stara ipo na mguu upo salama.

Sasa mambo yetu ya huku. Joto la Machi si la mchezo na unyevu unafanya jasho lisikauke, kwa hiyo feni ziwe mbili angalau na kila mtu aje na chupa ya maji na taulo, madafu baada ya darasa ruksa. Umeme ukikatika baskeli zinaendelea, hazina waya, kinachokufa ni spika na feni, kwa hiyo spika iwe na betri na nyimbo zote uwe ushazidaunlodi, usitegemee bando. Tulioishi kile kiza cha mwisho wa 2009 mpaka 2010, miezi mitatu, hatuamini umeme hata uwake vipi. Nikikosa feni nakata mbio zote nabakisha tambarare tu.

Adhana ikiingia muziki unazima, hili halina mjadala, kwa hiyo usiupange wimbo wako mkali ukagongana nayo. Mimi naanza saa 10 na nusu jioni namaliza saa 11 na robo, alasiri ishapita na magharibi bado, kinamama wanawahi nyumbani. Ramadhani nahamia baada ya tarawehe, nusu saa tu, bila singeli, mtu tumbo limejaa uji na katlesi utamkimbiza wapi.

Ukitengeneza bango usiandike Spinning, hilo ni jina la biashara lenye mwenyewe, andika darasa la baskeli inatosha. Na kama unatoza pesa na unapiga nyimbo za watu, ulizia COSOZA, ndo wanaoshughulika na hakimiliki huku kwetu.

Mkimaliza futa baskeli zote, jasho na hewa yetu ya chumvi zinakula chuma haraka, anza na nobu na boliti za siti. Kisha rudi kwenye ile karatasi ukate wimbo uliowalaza watu. Wa kwangu wa wiki hii ni hausi moja ya 124 niliyoipenda sana mwenyewe, darasani watu wakawa wanatazama saa, na yule mama wa mbwa kaniuliza kwani ile ya mvua kwenye bati leo haipo?