Somo: Kutafuta Chanzo cha Ladha Mbaya katika Bia ya Nyumbani

Ndugu wanachama,

Mtu akionja bia yake akakuta harufu asiyoitarajia, mara nyingi huamua papo hapo kwamba imeingiliwa na vijidudu, kisha humwaga ndoo nzima. Naomba tuache haraka hiyo. Bia nyingi ninazoletewa kuonja hapa Nairobi hazina kijidudu chochote kigeni: zimeharibiwa na maji, moto au kukosa subira, na asiyejua kilichoiharibu ya kwanza ataiharibu na ya pili.

Hatua ya kwanza ni kunusa. Mimina bia kidogo katika glasi isiyo na mabaki ya sabuni, iache ipungue ubaridi wa friji, funika kwa kiganja, tikisa, kisha nusa kabla ya kuonja. Andika ulichonusa kwa maneno ya jikoni, kama vile siagi, siki, mahindi ya kuchemsha au karatasi iliyolowa. Harufu hiyo ya karatasi hutokana na hewa iliyoingia wakati wa kujaza chupa, na haina tiba.

Hatua ya pili ni maji. Harufu ya dawa ya hospitali au ya plasta ya kidonda hutokea klorini inapokutana na viini vya kimea na hamira. Maji ya mfereji ya jiji hutiwa klorini, kwa hiyo yachemshe bila mfuniko na kuyaacha yapoe kabla ya kuyatumia. Wale wanaoweka maji ya mgao kwenye mitungi kwa siku kadhaa wasidhani yamekuwa salama kwa sababu klorini imepungua, kwani kinga nayo imepungua. Ukisafishia vyombo kwa dawa ya klorini ya kufulia, visuuze kwa maji yaliyochemshwa hadi harufu iishe kabisa.

Hatua ya tatu ni moto. Harufu ya mahindi ya kuchemsha hutoka katika kimea cheupe, na huondoka na mvuke. Nairobi iko takriban mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na hapa maji huchemka karibu nyuzi 94 badala ya 100. Kwa hiyo, anayefuata maelekezo ya nchi za pwani neno kwa neno anaweza kuchemsha kwa muda usiotosha. Mimi nashauri dakika 90, sufuria ikiwa wazi, kisha upoze haraka.

Hatua ya nne ni hamira, na hapa ndipo subira inapohitajika zaidi. Harufu ya tufaha bichi huonyesha kwamba bia imetolewa mapema. Ya siagi mara nyingi huwa na maana hiyo hiyo, kwa kuwa hamira huitengeneza na baadaye huila yenyewe. Kabla ya kujaza chupa, chukua sampuli mbili katika glasi zilizofunikwa. Moja iache kando. Nyingine iweke katika maji ya moto ya nyuzi 65 kwa dakika 20, kisha uipoze hadi zilingane joto. Ikiwa iliyopashwa inanuka siagi na nyingine hainuki, bado kuna kiini kitakachogeuka siagi ndani ya chupa. Iache bia juu ya hamira yake kwa siku chache, mahali penye joto kidogo, urudie kipimo.

Hatua ya tano ni uchafuzi wenyewe. Ngozi nyeupe inayotanda juu, uchachu kama wa mala, au siki iliyoingia kwa sababu ndoo ilifunguliwa mara kwa mara, hizo ni dalili za kweli. Fungua chupa kadhaa ulinganishe: ikiharibika moja, kosa liko katika chupa, zikiharibika zote, kagua mpira wa kuhamishia bia, bomba la ndoo na mikwaruzo ya ndani. Plastiki iliyokwaruzwa haisafishiki. Ibadilishe.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama wa Kasarani: Mwalimu, chupa zangu zinafoka povu nikizifungua, lakini ladha ni nzuri. Nifanye nini?

Jibu: Ndugu, ulijaza kabla bia haijatulia, au sukari ilizidi. Haidromita (kifaa kinachoelea cha kupimia sukari iliyobaki katika bia) isome namba ile ile siku tatu mfululizo, kisha utie takriban gramu 6 za sukari kwa lita. Hizo ulizo nazo ziweke kwenye friji leo, uzishike ukiwa umezifunika kwa taulo, maana chupa yaweza kupasuka.

Mwanachama wa Lang'ata: Maji yetu ni ya kisima cha mashine. Je, kuyachemsha kunatosha?

Jibu: Dada, kunatosha kwa vijidudu. Visima vingi vya Nairobi vina floraidi nyingi, na hiyo haiondoki kwa kuchemsha. Huzidi kukolea maji yanapopungua. Tumia maji yaliyochujwa kwa mtambo unaoondoa floraidi.

Mwanachama wa Umoja: Je, bia iliyochachuka vibaya inaweza kuua kama pombe ile ya mwaka 2014?

Jibu: Vifo vile vya Embu na kaunti nyingine vilitokana na methanoli, alkoholi yenye sumu, iliyokuwamo katika pombe iliyouzwa. Bia ya shayiri iliyogeuka kuwa chachu haizalishi methanoli ya kiasi hicho, na asidi, hopsi (maua yanayoipa bia uchungu) na alkoholi yake huzuia vijidudu vingi vya maradhi. Lakini ukiona ukungu wenye manyoya juu yake, wa kijani au mweusi, usiuengue ukanywa kilichobaki, mwaga yote.