Sato wa bwawani asifike mtoni: kwa wafugaji wa bonde la Pangani

Kama una bwawa kando ya Kikuletwa au Ruvu, au popote kuelekea Korogwe, huenda umepandikiza sato. Hakuna wa kukulaumu: anakua haraka, anakubali pumba na soko lake lipo. Ila mto Pangani si kwao. Wenyeji ni perege wa Jipe na perege wa Korogwe, na huyo wa Jipe yuko hatarini kutoweka kabisa.

Ugomvi wao unaanzia kwenye chakula. Katika bwawa la Nyumba ya Mungu, perege hutegemea sana ule utelezi wa mwani unaoota kwenye mashina na majani ya mimea iliyozama pembezoni. Sato naye anaula. Ukiisha, anahamia mwani unaoelea, masalia ya tope la chini, hata mabuu ya wadudu. Mpasue mmoja uone: utumbo umejikunja kama kamba ya ndoo, mrefu kuliko mwili wake mara kadhaa. Ukiuminya unatoka uji wa kijani. Kwa mwingine utakuta vichwa vya mabuu.

Ziwa Victoria sato aliletwa miaka ya 1950, akila zaidi mwani. Sangara alipotawala miaka ya 1980, sato akaongeza wadudu na samaki wadogo kwenye mlo wake, akaendelea kunenepa. Ngege, perege mwenyeji wa ziwa hilo aliyezoea mwani unaoelea, karibu atoweke ziwani. Leo utampata kwenye viziwa vya pembeni kama Kanyaboli, Kenya. Sangara na nyavu nazo zilimmaliza, si sato peke yake. Lakini sato huzaana na perege wenyeji pia, na ukishapata machotara huwezi kuwatenganisha tena.

Wafugaji wengi huogopa mafuriko na kusahau siku ya kuvuna. Unafungua bomba, maji yanakimbilia mfereji, wakubwa unawakusanya, na vifaranga vidogo kama punje ya mahindi vinakwenda zao mtoni. Hapo ndipo pa kuziba. Funga wavu wa matundu ya chandarua mdomoni mwa bomba, kwa tabaka mbili, na uusafishe kila mara maana taka zikiziba maji yatapita juu ya tuta. Afadhali zaidi, maji hayo yaelekeze shambani, kwenye mpunga au mboga. Yana mbolea, kwa nini uupe mto bure?

Punguza pia kuzaana bwawani. Nunua vifaranga madume kwenye kituo cha kuzalisha unachokiamini, japo majike wachache hawakosi kupenya. Sato wakishakua kidogo, ongeza kambare wachache wadogo kuliko wao, ili wavile vifaranga vitakavyoanguliwa. Kwa bwawa la kawaida, vifaranga 2 hadi 3 kwa mita moja ya mraba vinatosha. Kubanana kunawadumaza na kukuachia lundo la samaki wasio na mnunuzi, ambao kishawishi chake ni kuwamwaga mtoni. Usiwamwage. Wakaushe uwalishe kuku.

Bwawa lililo bondeni, yanapofika maji ya mto ukifurika, livune kabla ya masika, kisha likaushe mpaka tope lipasuke, kwa sababu vifaranga hujificha kwenye vidimbwi vya chini. Tuta lipandishe juu ya alama ya mafuriko ya zamani. Wazee wa kijiji wataijua.