Donati za kuoka zisizokunywa mafuta: somo, na sirudii tena

Haya jamani naandika mara moja tu. Kila siku "dada zile donati zako za kuoka unazifanyaje", nikimjibu mmoja kesho anakuja shoga yake na swali lile lile, nimechoka, akikuuliza mtu mlete hapa. Na tuelewane mapema, hii siyo dawa ya kitambi, unga ni ule ule na utamu upo, kinachopungua ni yale mafuta ambayo donati inayanywa ikiwa kwenye karai.

Vipimo: unga wa ngano nusu kilo, maziwa mililita 300, hamira ya chenga gramu 7 (kama vijiko vya chai 2), yai 1, siagi gramu 50, asali vijiko vya mezani 3, chumvi kijiko cha chai kimoja kisijae, iliki ukipenda.

1. Chota vijiko 3 vya mezani vya unga kwenye ile nusu kilo, koroga na nusu ya maziwa, bandika moto mdogo huku unakoroga mpaka uwe uji mzito. Epua upoe.

2. Maziwa yaliyobaki yawe ya uvuguvugu tu. Ya moto yanaua hamira.

3. Changanya vyote, kanda, siagi iingie mwisho kidogo kidogo.

4. Funika mpaka uumuke mara mbili.

5. Sukuma unene wa sentimita 1 na nusu, kata kwa glasi, katikati toboa kwa mfuniko wa chupa ya maji. Kitundu kidogo kitajiziba.

6. Hapa tulia usome, maana hapa ndipo zangu zilikuwa zinatoka ngumu mpaka nikataka kurudi kwenye karai. Ukishakata, zipange kwenye trei iliyopakwa siagi, zifunike, ziumuke TENA. Za kukaanga unaweza ukaharakisha kidogo, mafuta ya moto yanazishika haraka pande zote, ila za kuoka zikiingia hazijaumuka vizuri zinabaki nzito na huna pa kujificha. Usiangalie saa, Tabora ya mwezi wa 10 unga unaumuka umegeuka tu, mwezi wa 6 au wa 7 usiku na ile baridi yetu utasubiri sana. Bonyeza pembeni kwa kidole: alama ikirudi haraka bado, ikirudi taratibu na kuacha kishimo kidogo, oka. Ikizama na donati ikanywea, umepitiliza. Oveni iwe IMESHAPATA moto, nyuzi 190, dakika 9 mpaka 11, basi. Usisubiri ziwe kahawia kama za kukaanga, hazitakuwa, ukizing'ang'ania unapata mkate mkavu wenye tundu.

7. Zikitoka tu zipake siagi kidogo iliyoyeyuka na asali, funika na kitambaa safi dakika 5. Mvuke ndio unalainisha ngozi.

MASWALI

Mdau wa Isevya: Dada vipimo mbona hujaweka?
– Viko juu. Panda usome.

Mdau wa Cheyo: Sina hamira, naweza kutumia beking pauda?
– Nimeandika hamira. Ukiweka beking pauda unapika keki yenye tundu, na rojo lake ni jingine kabisa, siyo hili.

Mama wa Ipuli: Mwangaluka mwanangu, mimi sina oveni, nina jiko la mkaa tu, ndiyo nimekosa?
– Mwangaluka mayo, hujakosa kitu. Chukua sufuria kubwa nzito, weka mchanga mkavu chini, funika ipate moto kama dakika 10, ndiyo uingize trei ndogo. Mkaa mwingi palia juu ya mfuniko, chini bakiza kidogo sana, wengi wanafanya kinyume ndiyo maana chini zinaungua juu nyeupe. Na usifunue funue.

Mdau wa Cheyo: Nimefuata kila kitu zimekuwa ngumu, somo lako lina kasoro.
– Uliongeza unga wakati wa kukanda?
Mdau wa Cheyo: Kidogo tu, vikombe viwili hivi, ulikuwa unanata.
– Haya.

Kijana wa Urambo: Dada samahani, ule uji kazi yake nini hasa? Nimejaribu bila uji kesho yake zikakauka.
– Swali zuri hili mdogo wangu. Unga ukipikwa na maziwa, wanga unavimba na kushika maji mengi kuliko unga mbichi, na maji hayo hayatoki kirahisi kwenye oveni. Donati ya kukaanga inalindwa na mafuta, hii yetu haina, kwa hiyo tunaifichia maji ndani. Ndiyo maana pia unga unanata, paka mikono siagi uendelee kukanda, utakaa sawa wenyewe.

Mdau wa Sikonge: Asali yangu imeganda, nimeuziwa feki?
– Hapana, asali safi inaganda. Weka chupa kwenye maji ya moto kiasi, usiichemshe.
Mdau wa Sikonge: Na ile ya nyuki wadogo?
– Hiyo nyepesi na ina uchachu, paka juu ni tamu balaa, ila ndani ya unga punguza maziwa kijiko kimoja. Na ni ghali, mimi yangu nabakiza ya kifua.