Kurudisha mikoko kwenye hori la Tudor na Port Reitz, Mombasa: kupanda huja mwisho

Kabla kikundi hakijachangisha pesa za miche, kitafute kwanza sababu ya pale topeni kuwa patupu. Mikoko huzaa yenyewe. Mbegu zake huelea, na maji ya bamvua, yale yanayojaa sana na kukupwa sana, huzisambaza kila mwaka bila kumlipa mtu. Ikiwa mahali penu pako karibu na miti mizima inayozaa na bado hapaoti kitu, kuna kinachozuia, nacho kitaizuia miche yenu vilevile.

Nendeni mkaangalie maji yakiwa yamekupwa, mkiwa na mtu anayevua kaa au kuchokoa chaza hapohapo. Mkikuta visiki, tambueni ni vya mti gani. Mchu, aina mojawapo ya mikoko, ukikatwa huchipua tena, lakini mkoko wenyewe, yaani ile aina yenye mizizi ya matao, ukikatwa hufa moja kwa moja. Visiki vingi vyenye miche michanga katikati yake maana yake msitu unajaribu kurudi wenyewe. Hapo kazi ni kuzuia mapanga, na kazi hiyo ni ya mazungumzo zaidi kuliko ya majembe.

Mkikuta mizizi ya kupumulia ya mchu au mlilana, ile inayochomoza wima kutoka topeni, imefunikwa na mchanga au udongo mwekundu, tatizo ni mashapo. Ndivyo mikoko ya hori la Mwache ilivyokufa kwa wingi baada ya mvua za El Niño za 1997 na 1998: mto ulishusha udongo, ukafunika mizizi, miti ikakosa hewa. Mahali kama hapo panaweza kupandwa tena, ila ardhi imeshainuka, kwa hiyo mti uliokuwepo si lazima uwe ndio unaofaa sasa.

Maji yaliyozibwa ndiyo sababu inayosahaulika kuliko zote. Tuta la barabara, ukuta wa kiwanja, hata lori chache za kifusi zilizomwagwa usiku zinatosha. Tuta la Makupa lilibana maji kati ya hori la Tudor na Port Reitz kwa miongo mingi, mpaka daraja likachukua nafasi yake mwaka 2022. Kikundi cha mtaa hakijengi daraja, lakini mfereji uliozibwa na kifusi au takataka unaweza kuzibuliwa kwa sepeto, na mara nyingi huo mfereji ndio unaorudisha miti.

Mkikanyaga tope na nyayo zikajaa maji yenye utando wa mafuta unaong'aa rangi rangi, acheni mpango wa kupanda. Pigeni picha zenye tarehe, andikeni mahali hasa, kisha pelekeni taarifa kwa NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, kwa maandishi na mbaki na nakala iliyogongwa muhuri. Penye mdomo wa maji taka, kama sehemu za Mikindani, miti huvumilia kuliko watu. Vaeni glavu na viatu, na mwenye kidonda asiingie.

Kuna pia mahali ambapo patupu ni pake. Tambarare ya chumvi iliyo juu, inayofikiwa na maji ya bamvua peke yake, haikuwa msitu. Na tope lililo chini kabisa, linalofunikwa na maji karibu siku nzima, ni malisho ya samaki na ndege. Sehemu hizi mbili ndizo zinazopandwa sana kwa sababu ziko wazi na hazina mwenyewe wa kugombana naye, hasa mfadhili anapolipa kwa idadi ya miche iliyochomekwa. Ombeni mlipwe kwa miti iliyo hai baada ya mwaka. Wengine watakataa, lakini ombeni.

Ruhusa na watu wa hapo

Mikoko ya Kenya ni msitu wa serikali tangu tangazo la 1932, na leo inasimamiwa na Shirika la Huduma za Misitu, KFS. Huwezi kuokota mbegu, kuchimba mfereji wala kupanda bila wao kujua. Njia iliyonyooka ni kupitia chama cha jamii cha kuhifadhi msitu, kinachotambuliwa na Sheria ya Misitu ya 2016. Kama mtaa wenu hauna, kikundi kilichosajiliwa kinaweza kuandika barua kwa mhifadhi wa kaunti kikieleza eneo, aina za miti, idadi na tarehe. Nakala mpelekeeni chifu na BMU, kikundi cha usimamizi wa ufuo, ya diko lenu. Watafiti wa KMFRI, taasisi ya utafiti wa bahari na uvuvi, wako hapa hapa Mkomani. Kuwauliza aina ya mti unaofaa hakugharimu zaidi ya nauli.

Ardhi iliyo kati ya maji kujaa na maji kupwa ni ya umma kwa Ibara ya 62 ya Katiba. Mkikuta vigingi vya mpimaji au ukuta unaoingia ndani ya mikoko, hilo ni jambo la kuandikia KFS, NEMA na Tume ya Taifa ya Ardhi kabla mche wa kwanza haujapandwa. Vinginevyo mtapandia mtu kiwanja.

Kisha kaeni kitako na wale wanaoishi kwa hapo: wavuvi, wanaokata kuni, wanaopitisha mashua. Mama anayepikia kuni za mchu hana mahali pengine pa kutafuta kwa kuambiwa tu aache. Kubalianeni njia ya vyombo iachwe upana gani, kaa wavuliwe wapi, na kuni zilizokauka zenyewe ziulizwe kwa KFS. Msiahidi pesa za kaboni, yaani malipo kwa kaboni inayohifadhiwa na miti. Mradi wa Mikoko Pamoja wa Gazi, Kwale, ulioanza kuuza kaboni mwanzoni mwa miaka ya 2010, unasimama juu ya msitu uliokuwepo tayari wa takriban hekta 117. Robo ekari yenu ya miche haiwezi kufanya hivyo.

Kupima kimo cha ardhi

Hapa ndipo miche mingi inapofia, na kipimo chenyewe ni rahisi. Kila mti una kimo chake: mlilana mbele baharini, mkoko nyuma yake na kandokando ya mifereji, kisha muia na mkandaa, na mchu upande wa nchi kavu, ingawa mchu hujitokeza pia mbele. Mnachotafuta ni kujua kama eneo lenu liko sawa na ardhi chini ya miti mizima ya aina mnayotaka.

Chukueni mpira wa leveli, ule wa mafundi ujenzi, mita 20 hivi, na fito mbili zilizotiwa alama kila sentimita 5. Fito moja isimame chini ya mkoko mzima ulio karibu, ya pili katikati ya eneo tupu. Mpira ukijaa maji bila viputo, mistari ya maji ncha zote mbili iko kimo kimoja. Someni alama kwenye kila fito. Tofauti ya namba ndiyo tofauti ya ardhi. Ikiwa mbali, hamisheni kwa hatua. Tofauti ya sentimita 10 si neno. Ikipita 30, badilisheni aina ya mti au mahali. Msiokuwa na mpira, simameni wawili siku ya bamvua maji yakipanda, kila mtu mahali pake, na muandike saa maji yanapogusa nyayo.

Mbegu

Mkoko hauhitaji kitalu. Mbegu yake ni ule mche mrefu wa kijani unaoning'inia. Imekomaa inapotokea pete ya manjano au kahawia pale inapoungana na tunda, na inatoka kwa kutikiswa kidogo. Ukilazimika kuinyonga, bado. Usilichomoe kofia la tunda kwa nguvu, maana chini yake ndipo chipukizi lilipo. Acha lidondoke lenyewe. Tupa yenye tundu dogo la mdudu, iliyovunjika ncha, au iliyonyauka. Chukua za miti mingi, si za mmoja. Zifunikeni kwa magunia yaliyoloweshwa, kivulini, mzipande ndani ya wiki moja au mbili. Kaa hupenda mbegu mbichi kabisa. Zilizokaa siku kadhaa kivulini haziwavutii sana.

Mchu ni tofauti. Mbegu zake loweka usiku mmoja, ganda litoke, kisha zilaze juu ya tope la kitalu bila kuzifukia. Kitalu kiwe mahali maji yanapofika mara nyingi lakini kwa upole, chini ya kivuli chepesi cha makuti. Miche ikifika sentimita 30 hivi, punguzeni makuti kidogo kidogo ili izoee jua. Mbuzi wanaupenda mchu kuliko kitu chochote, kwa hiyo kitalu kizungushiwe. Karatasi za miche, yaani mifuko ya plastiki ya kuoteshea kama mmeitumia, zitolewe zote siku ya kupanda na zirudi nyumbani zikiwa zimehesabiwa. Mche uliopandwa na karatasi yake mizizi hujiviringa na kufa taratibu.

Siku ya kupanda

Hesabuni kwa mwezi kama wavuvi. Bamvua huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, yaani karibu na tarehe 1 na 15 za mwezi wa Kiislamu, na Mombasa maji ya bamvua hukupwa kabisa saa nne au saa tano asubuhi. Kila siku maji husogea kama dakika 50. Pandeni siku ya 3 au ya 4 baada ya kilele cha bamvua: maji hukupwa mchana, na miche hupata siku kadhaa za maji mafu, yasiyo na nguvu, kabla bamvua jingine halijaja kuing'oa. Masika ni msimu mzuri kwa sababu mvua hupunguza chumvi, lakini kwenye kingo zinazopigwa na kusi msipande mkoko mbele wazi. Anzieni nyuma ya miti iliyopo. Kaskazi yenye jua kali huunguza miche iliyo juu.

Takataka zitolewe kwanza, siku nyingine, kwani mfuko mmoja wa plastiki ukijiviringisha kwenye mche huulaza chini. Kisha nyoosheni kamba yenye vifundo kila mita 1.5. Eneo la mita 20 kwa 50 huhitaji mbegu 444 kwa nafasi hiyo, au 1,000 mkiweka mita 1. Ongezeni moja kwa kila tano za akiba. Ncha iliyochongoka ndiyo inayoingia chini, na makundi ya wanafunzi hukosea hapo kuliko popote. Sukumeni sentimita 7 hadi 10 tu, bandika tope kwa vidole pembeni, mbegu isimame. Ikiingia nusu nzima huoza. Penye tope laini mno hata mbegu haisimami, hapafai bado.

Ingieni maji yanapoanza kutoka na mtoke kabla hayajageuka, raba za zamani zikiwa zimefungwa kwa kamba. Kandambili zitabaki topeni, na chaza hukata.

Baada ya hapo

Wekeni vigingi vya viwanja vitatu vya mita 5 kwa 5, mhesabu miche hai ndani yake baada ya wiki 2, miezi 3, 6 na 12. Namna mche ulivyokufa inaeleza sababu. Umeng'olewa wote: mawimbi au kina cha maji. Umekatwa kama kwa mkasi: kaa. Umeliwa majani: mbuzi. Shina limevikwa magamba makali madogo meupe: mmepanda chini mno. Majani yamekauka kuanzia ncha: chumvi au jua. Miche iliyokatwa na kaa inaweza kujaziwa msimu ujao, ikiwezekana kwa miche iliyokuzwa kitaluni hadi shina likawa gumu. Iliyokufa kwa kina haijaziwi, eneo hilo liachwe. Na mkiona miche ambayo hamkuipanda ikichomoza yenyewe katikati ya mistari yenu, msiing'oe ili mistari inyooke.