Machipuko mlimani: angalia kwanza usiku ulikuwaje

Jamani kwa wale mnaopanda milima yenye theluji kipindi hiki cha machipuko, jua zuri la mchana lisiwadanganye, hapo ndo theluji iliyolowa inaanza kuporomoka. Cha kwanza kuangalia ni usiku uliopita. Kama anga lilikuwa wazi na baridi kali, theluji imeganda juu na asubuhi unapita vizuri, ila kama kulikuwa na mawingu usiku kucha au mvua ilinyesha basi haijaganda, na hapo mi nasema ahirisheni tu hata kama safari mlishaipanga.

Tokeni mapema, gizani ikibidi, mshuke kabla ya mchana. Kaskazini mwa dunia miteremko inayotazama mashariki ndo inapata jua kwanza, afu kusini, afu magharibi, kwa hiyo usiangalie saa peke yake. Ukiona buti linazama mpaka kwenye kifundo cha mguu au vibonge vya theluji vinajiviringisha vyenyewe kutoka juu, ondoka hapohapo kwenye miteremko ya nyuzi 30 hadi 45, na chini yake pia usikae maana theluji ikiporomoka inaweza kukufikia hukohuko.

Kila mtu abebe kifaa cha redio cha kutafutana, fimbo ndefu ya kuchomeka kwenye theluji kumtafuta aliyefukiwa, na koleo, na mfanye mazoezi ya kuvitumia kabla, sababu aliyefukiwa nafasi yake kubwa ya kupona ni dakika 10 hadi 15 za mwanzo, waokoaji watakuwa bado mbali, wa kumfukua ni nyie mlio naye.